Ripoti ya DNA inasema maziwa hayanifai, nami nimelelewa nayo

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, naishi Arusha, mama yangu ni Mdatoga na baba ni Mnyiramba. Kaka yangu aliyeko Canada alinitumia kile kipimo cha kutemea mate kwenye kichupa. Tukakirudisha, na baada ya wiki kadhaa majibu yakaja kwa barua pepe. Mambo mawili yameninyima usingizi. La kwanza, wanasema "kuna uwezekano mkubwa" kwamba mwili wangu hauwezi kumeng'enya maziwa. Daktari, mimi nakunywa maziwa tangu utotoni, glasi tatu kwa siku si ajabu, na tumbo langu halijawahi kulalamika. Lakini nimeogopa, hata mwanangu wa miaka minne nimemwachisha maziwa wiki ya tatu sasa. La pili, wanasema nina alama moja kwenye jeni inayohusishwa na kisukari, rs12255372, halafu chini kwa maandishi madogo wameandika kwamba alama hiyo huenda si chanzo ila "iko kwenye LD" na chanzo. Mama yangu ana kisukari. Sasa nina jeni ya kisukari au sina? Na hiyo LD ni kitu gani? Nimetafuta mtandaoni nimekutana na hesabu tupu.

JIBU: Marahaba, dada. Nianze na mtoto, maana yeye hawezi kusubiri maelezo yangu marefu. Kama alikuwa anakunywa maziwa bila kuharisha, bila tumbo kujaa gesi na bila vipele, mrudishie kikombe chake leo jioni. Ripoti ile haikumpima yeye. Na kama utakavyoona, hata wewe ilikupima nusunusu.

Hofu zako mbili zina mzizi mmoja, ndiyo maana sitazijibu moja moja kwanza. Kampuni ile haikusoma DNA yako yote. DNA ya binadamu ina herufi kama bilioni tatu, za aina nne tu, A, C, G na T, na vipimo vya mate vya bei hiyo kwa kawaida husoma laki sita au saba tu, yaani herufi moja katika kila elfu nne au tano hivi. Ni sawa na mtu aliyefungua kitabu kinene, akasoma herufi moja kila baada ya kurasa mbili, kisha akakusimulia hadithi nzima. Anapata wapi ujasiri huo? Anaupata kwenye LD. Jina lake refu ni linkeji disekwilibriamu, na silaumu mtu akikimbia akilisikia. Mimi darasani nasema mwambatano: herufi zilizo jirani katika DNA huwa zinaambatana, ukiiona moja unaweza kuikisia nyingine. Kukisia, dada. Shika neno hilo.

Nikifundisha jambo hili nabeba kamba mbili za shanga nilizonunua kwa kina mama wa Kimaasai barabarani, moja nyekundu tupu na moja buluu tupu. Nyekundu ni kromosomu, yaani uzi mrefu wa DNA, uliyopata kwa mama, buluu ni ile ya baba. Wakati mwili unatengeneza yai au mbegu, haupitishi kamba moja kama ilivyo. Unazilaza mbili sambamba, unazikata mahali pamoja au pachache, unabadilishana vipande na kuzifunga upya. Mtoto anapata kamba yenye kipande chekundu kirefu, kisha buluu, labda na nyekundu tena mwishoni. Wanafunzi wanachukua mkasi, wanakata na kufunga, kizazi baada ya kizazi. (Mwaka mmoja kamba ilikatika ikamwaga shanga zote chini ya madawati. Kijana wa nyuma akasema, "Mwalimu, hiyo sasa ni mionzi.") Baada ya raundi kumi kamba imekuwa ya madoadoa. Lakini chagua shanga mbili zilizogusana tangu mwanzo: karibu zote bado ziko pamoja. Mkasi umepita mara kumi na haukuwahi kutua hasa katikati yao.

Kwa binadamu mkasi huo una kipimo chake. Herufi mbili zilizo umbali wa milioni moja hutenganishwa, kwa wastani, mara moja katika kila mizao mia. Zilizo umbali wa herufi elfu kumi na nne, na kumbuka namba hiyo kwa sababu tutairudia kwenye maziwa, hutenganishwa kama mara moja katika mizao elfu saba. Nasema kwa wastani kwa kuwa mkasi una sehemu unazozipenda na sehemu unazoziruka, na ndiyo maana DNA imegawanyika vipande vipande: ndani ya kipande herufi zinashikamana sana, ukivuka mpaka wake mshikamano unakatika ghafla.

Hapo umeshaelewa kwa nini mwambatano unadumu. Bado hujajua unazaliwaje, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea, wakiwemo baadhi ya wanaoandika hizo ripoti. Chukua siku ambayo katika kamba ya mtu mmoja, mahali pamoja, shanga moja ilibadilika rangi ikawa ya dhahabu. Hilo ni badiliko jipya la jeni. Siku hiyo majirani zake ni wale waliokuwa kwenye kamba ile ya mtu yule, si wengine. Kila atakayerithi dhahabu, miaka elfu baadaye, atarithi pia majirani hao, isipokuwa pale mkasi ulipoingilia. Sasa kama rangi hiyo hiyo ya dhahabu ingetokea tena, mahali palepale, kwenye kamba ya mtu wa nchi nyingine, majirani wangekuwa tofauti kabisa. Kwa hiyo ukaribu peke yake hauleti mwambatano. Ukaribu unautunza tu, ila unaoutengeneza ni historia ya watu waliobeba kamba hizo. Mwambatano uliopimwa Helsinki ni historia ya Helsinki.

Nikupe hesabu moja tu, ndogo, halafu nisikusumbue tena. Chukua kijiji cha kubuni chenye watu 50, yaani kamba 100. Kamba 40 zina alama ambayo kipimo kinaisoma. Kamba 30 zina chanzo chenyewe cha ugonjwa, ambacho kipimo hakikisomi. Kama alama na chanzo havijuani, tungetarajia kamba 12 ziwe na vyote viwili, yaani asilimia 40 ya zile 30. Tukihesabu tunakuta 28. Ziada ile ya kamba 16 ndiyo mwambatano, na vitabuni utaikuta imeandikwa D = 0.16. Sasa uliza maswali mawili. Mwenye chanzo, je, alama anayo? Anayo, 28 kati ya 30, karibu wote. Mwenye alama, je, chanzo anacho? 28 kati ya 40. Wengine 12 wamebeba alama tupu, haina kitu nyuma yake. Wataalamu wana vipimo viwili kwa maswali haya: kimoja, D prime, hapa kinatoa 0.89, kingine, r ya mraba, kinatoa 0.51. Data ni zilezile, kijiji ni kilekile. Anayetaka kukuvutia atakutajia cha kwanza. Wewe swali lako ni la pili, kwa hiyo ukikutana na namba hizo tafuta r ya mraba, na uulize ilihesabiwa kwa watu gani.

Haya, sasa maziwa.

Mtoto mchanga ana kimeng'enya kinachoitwa laktesi kinachovunja laktosi, sukari ya maziwa. Kwa binadamu wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua baada ya kuachishwa ziwa, na mtu mzima akinywa maziwa mabichi au ya kuchemsha anaweza kujaa gesi na kuharisha. Huo si ugonjwa, ndiyo hali ya asili. Walio tofauti ni sisi, au tuseme nyinyi, mnaoendelea kutoa laktesi hadi uzeeni. Mwaka 2002 watafiti wa Finland, Nabil Enattah na wenzake, walifuatilia familia tisa kubwa za Kifini wakitafuta tofauti hiyo inakaa wapi. Walitumia mwambatano hatua kwa hatua: walitazama ni kipande gani cha kamba kinachorithiwa na wote wenye tatizo la maziwa, wakakibana hadi wakabaki na herufi mbili zinazoshukiwa. Moja iko herufi 13,910 kabla ya jeni ya laktesi, ndani ya jeni ya jirani iitwayo MCM6. Nyingine iko mbali zaidi, 22,018. Mbili hizo zinaambatana kiasi kwamba ukiiona moja kwa Mfini karibu unaiona ya pili.

Utajuaje nani mwizi na nani alikuwa amesimama tu karibu na duka? Walipima watu 236 wa jamii nne. Herufi ya 13,910 ililingana na hali ya tumbo kwa wote 236. Ile ya 22,018 ililingana kwa 229. Watu saba, dada. Kwa watu hao saba herufi mbili zilikuwa zimeachana, na walipoachana, tumbo lilifuata ya 13,910. Napenda sana hao saba. Mwambatano unakupeleka hadi mlangoni, lakini wanaokuonyesha nani yumo ndani ni wale wachache ambao kwao mwambatano umevunjika.

Kuanzia hapo vipimo vya biashara vikachukua 13,910 kuwa ndiyo "alama ya maziwa", na kwa mtu wa Ulaya ya kaskazini inafanya kazi vizuri. Kipimo chako kiliitazama, hakikuikuta, kikahitimisha kwamba huwezi maziwa. Hapo ndipo palipoharibika.

Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Mtu alipewa gramu 50 za laktosi kwenye maji, sawa na maziwa lita moja au zaidi, kisha akachomwa kidole kila baada ya dakika chache kuona kama sukari ya damu inapanda. Ikipanda, laktesi ipo na imeivunja. Kwa wafugaji wetu sukari ilipanda bila herufi ile ya Wazungu kuwepo. Walichokikuta ni herufi tofauti, nafasi ya 14,010, ambapo G imekuwa C. Imeenea miongoni mwa wafugaji wa Tanzania na Kenya, wazungumzaji wa lugha za Kinailoti na za Kikushi, na Wadatoga ni katika hao. Kuna nyingine mbili, 13,907 na 13,915, zilizoonekana zaidi upande wa Sudan, na hii ya mwisho ni ya kawaida sana katika Rasi ya Arabuni.

Tazama namba hizo: 13,910 na 14,010. Zimeachana herufi mia moja. Mkasi niliokuelezea ungehitaji vizazi vingi mno kupita katikati yao. Kwa ukaribu tu ungetegemea ziwe mapacha, na bado moja haikuambii lolote kuhusu nyingine, kwa sababu kila moja ilizaliwa kwenye kamba ya mtu wake, bara lake. Ndiyo maana mwenye herufi ya kifugaji ya Manyara anapewa na kipimo cha mate jibu la mtu asiyeweza maziwa. Kipimo kimechungulia chumba kimoja, kikakuta hakuna mtu, kikaandika kwamba nyumba haina wenyewe.

Siwezi kukuambia kwamba wewe unayo C hiyo, sijakupima. Lakini glasi tatu kwa siku kwa miaka thelathini bila tumbo kulalamika ni kipimo kirefu kuliko chochote nitakachofanya maabara. Nakala moja inatosha kumfanya mtu ameng'enye, kwa hiyo ingetosha kuipata upande wa mama peke yake. Na hata ukikosa herufi zote hizi, wapo wafugaji wanaokunywa vizuri bila kuwa na hata moja kati ya zinazojulikana.

Niongeze jambo moja la maziwa hata kama hukuliuliza, kwa kuwa linaonyesha mwambatano unafaa kwa nini zaidi ya kusaka magonjwa. Watafiti walipotazama kamba zenye ile C, walikuta zinafanana herufi kwa herufi kwa urefu wa zaidi ya milioni mbili. Kamba ndefu namna hiyo isiyokatwakatwa ina maana moja: badiliko ni changa, na limeenea haraka kabla mkasi haujapata muda. Kwa kuhesabu hivyo walikadiria umri wake kati ya miaka kama 2,700 na 6,800. Ng'ombe walifika kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania miaka ipatayo 3,300 iliyopita. Mtu aliyeweza kunywa maziwa mwaka wa ukame alibaki hai na kuzaa, aliyeharisha alipoteza hata maji aliyokuwa nayo. Ukinywa glasi yako asubuhi unabeba, pengine, kumbukumbu ya ukame ambao hakuna babu anayeukumbuka.

Na hili la alama kufanya kazi upande mmoja na kushindwa upande mwingine si geni. Mwaka 1978 Yuet Wai Kan na Andrée Dozy, kule California, waligundua alama karibu na jeni ya hemoglobini iliyoambatana na sikoseli kwa Wamarekani wengi wenye asili ya Afrika, ikatumika kumpima mtoto akiwa bado tumboni. Wamarekani hao asili yao kubwa ni Afrika Magharibi. Miaka miwili baadaye walipotazama sampuli za nchi nyingine, Kenya ikiwemo, mwambatano ule haukuwepo. Ugonjwa ni uleule, badiliko la jeni ni lilelile, majirani ndio wengine. Ndiyo maana leo sikoseli inapimwa kwa kutazama hemoglobini yenyewe au badiliko lenyewe. Ukiwahi kupewa jibu la sikoseli la mtoto kutoka kwenye kipimo cha mate, usilitumie. Nenda hospitali wakapime damu.

Mimi mwenyewe nimeungua kwa moto huu. Nikiwa mwanafunzi wa utafiti nilitumia seti ya alama iliyochaguliwa kwa Wazungu kusaka uhusiano katika sampuli za hapa kwetu, nikatumia miezi kadhaa nikishangaa kwa nini sioni kitu. Chanzo huenda kilikuwepo, ila alama zangu hazikuwa zinakigusa. Kwa Waafrika vipande vya mwambatano ni vifupi. Utafiti mmoja wa mwaka 2002 ulikuta nusu ya DNA iko kwenye vipande vya herufi 22,000 au zaidi kwa Waafrika, na 44,000 au zaidi kwa Wazungu na Waasia. Sababu ni umri: binadamu wameishi Afrika muda mrefu kuliko kwingine na kwa wingi, mkasi umepita mara nyingi, wakati waliotoka bara hili walitoka wachache wakiwa na kamba chache. Na kamusi za kukisia herufi zisizosomwa zina kurasa chache za kwetu. Mradi mkubwa uliokamilika mwaka 2015 ulisoma DNA za watu 2,504 wa jamii 26, na kutoka Afrika Mashariki waliokuwemo ni Waluhya wa Webuye peke yao. Mdatoga anakisiwa kwa kumtazama Mluhya na Myoruba.

Ila ufupi huo si hasara tupu, na hapa tunafika kwenye kisukari chako.

Alama yako, rs12255372, iko ndani ya jeni iitwayo TCF7L2. Mwaka 2006 kampuni ya utafiti ya Iceland ilitangaza kwamba eneo hilo linahusiana na kisukari aina ya pili. Walilifikia kwa alama ambayo yenyewe haifanyi kazi yoyote, ilikuwa shahidi tu, na karibu nayo zikawepo herufi mbili: yako, na jirani yake rs7903146. Kwa watu wa Ulaya mbili hizo zinaambatana kiasi kwamba huwezi kusema nani mwenye kosa. Mwaka uliofuata kundi hilo hilo lilichukua sampuli za Waafrika Magharibi, ambao kamba zao zimekatwa zaidi, na kwao herufi mbili hizo zilikuwa zimeachana vya kutosha. Lawama ikaiangukia rs7903146. Ni wale watu saba wa maziwa tena, safari hii wako Afrika Magharibi. Kipande kirefu kinakusaidia kugundua mtaa, kipande kifupi kinakusaidia kugundua nyumba. Utafiti mzuri unahitaji watu wa aina zote mbili.

Kwa hiyo maandishi madogo ya ripoti yako ni ya kweli, tena ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote, na wangeyaandika kwa herufi kubwa. Alama uliyonayo ni shahidi. Alishuhudia vizuri Iceland. Kwako, mtoto wa Mdatoga na Mnyiramba, hatujui kama aliyesimama nyuma yake ni yuleyule.

Na kuna mtego mwingine kwa mtu mwenye asili mbili. Wanafunzi wa shule mbili wakikusanyika uwanja mmoja, hawa sweta la kijani na soksi nyekundu, wale sweta la buluu na soksi nyeupe, utaona soksi nyekundu zinaambatana na sweta la kijani kila mahali. Soksi hazikuleta sweta. Vivyo hivyo watu wa asili mbili wakichanganyika, alama zilizo mbalimbali, hata za kromosomu tofauti, zinaonekana kuambatana kwa vizazi kadhaa kwa sababu tu zilikuja pamoja. Mtafiti mwangalifu anarekebisha hesabu zake kwa hilo. Asiyefanya hivyo anaweza kutangaza kwamba kabila linasababisha ugonjwa.

Swali lako hasa lilikuwa: nina jeni ya kisukari au sina? Hakuna mtu mwenye jeni ya kisukari aina ya pili. Kila binadamu ana TCF7L2, na yapo mamia ya maeneo mengine yanayosogeza hatari kidogo kidogo. Hii ni moja ya zenye nguvu zaidi, na bado kwa Wazungu kila nakala ya rs7903146 yenye kuongeza hatari inaongeza uwezekano kwa takriban mara 1.4. Wengi wanaoibeba hawaugui, na wengi wanaougua hawaibebi. Mama yako kuwa na kisukari kunaniambia mengi zaidi kuliko alama hii, kwa sababu kwake umerithi kwa pamoja jeni zote, zinazojulikana na zisizojulikana, na pengine na jiko lake pia. Mwenye mzazi mwenye kisukari aina ya pili hatari yake ni kama mara mbili ya mwingine, au zaidi. Hiyo ungeijua bila kutema mate.

Ufanye nini basi? Kaka yako pengine atakushauri upakue faili la data ghafi na kutafuta rs145946881, ndiyo ile 14,010. Jaribu ukipenda, ila mara nyingi haimo kabisa kwenye vipimo hivi, na data ghafi ina makosa yake, hivyo usiamue jambo la afya kwa kuitazama. Kulipia usomaji wa DNA yote kwa swali hili ni kupoteza fedha. Ukitaka uhakika wa maziwa, hospitali kubwa zinaweza kukupima kwa laktosi na sukari ya damu, au kwa pumzi, lakini wewe usiye na dalili sioni unatafuta nini. Kama siku moja dalili zitaanza, acha maziwa wiki mbili, kisha rudi na nusu glasi uone. Wengi wasioweza maziwa ya kawaida wanavumilia mtindi vizuri, kwa kuwa bakteria wameshakula sehemu ya laktosi.

Kwa mtoto, nenda kliniki akianza kuharisha kila anapokunywa maziwa, au akiacha kuongezeka uzito. Laktesi kupungua kiasili ni nadra kuonekana mapema sana utotoni, kwa hiyo mtoto mdogo anayeharisha mara nyingi ana jambo lingine: maambukizi ya tumbo, kwa mfano. Vipele, midomo kuvimba au kupumua kwa shida baada ya maziwa ni mzio, hausubiri kliniki ya kesho, kimbilia dharura. Na kwa mtu mzima yeyote, damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, au kuharisha kunakokuamsha usiku si mambo ya laktosi. Muone daktari ana kwa ana.

Kisukari usikiache kwa sababu nimeipunguzia alama yako cheo. Una miaka 34 na mama mgonjwa, hiyo inatosha kupima mara moja kwa mwaka. Sukari ya kabla ya kula ikiwa 7.0 mmol/L au zaidi, ikarudiwa siku nyingine na kutoa jibu hilo hilo, ni kisukari. Ikiwa kati ya 6.1 na 6.9 uko njiani na bado unaweza kugeuka. Wakikupima HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache iliyopita, waambie kama una upungufu wa damu au sikoseli kwenye familia, maana kipimo hicho huweza kudanganya. Kiu isiyokwisha, kukojoa usiku kucha au macho kufifia, usisubiri zamu ya mwaka, nenda wiki hiyo hiyo. Na ukienda kupima, nenda asubuhi kabla hujatia chochote kinywani, hata ile glasi ya maziwa.